Mwaka Niliotaja Minazi ya Kwa Musiu

Tulipomsomea Ami Salim arubaini yake, katika ukumbi wa kukodi huko Sterling, hapa Amerika, wajukuu zake waligawa kijitabu. Kilikuwa cha karatasi ya kung'aa, na juu yake picha ya mzungu mwenye ndevu amesimama mbele ya nyumba ya mawe, mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayengoja apishwe njia. Ndani nasaba yetu ilichorwa kwa mistari, yeye juu kabisa, sisi tunaning'inia chini yake kama vidaka vya mnazi. Kijana mmoja akasimama akasoma kwa Kiingereza kwamba Musiu Vidali alitoka kisiwa cha Bourbon, ambacho siku hizi chaitwa Reunion, na nyumbu wawili wa mizigo na ndoto moja, akaifungua pwani ya kusini ya Mombasa. Akaifungua! Kwani nani alikuwa ameifunga? Watu walitikisa vichwa huku wanakula sambusa. Kisha akanijia binti mmoja mpole, mjukuu wa Ami, akaniinamia sikioni: "Bibi, sasa wewe ndiye mkubwa wetu. Utatuambia maneno mawili juu ya Musiu?" Nikamwambia maneno mawili sina. Ninayo mengi, na hayasemwi mbele ya biriani ya watu. Nimerudi nyumbani nimeketi kuyaandika. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nitaandika kama ninavyozungumza, na asiyependa afunge.

Habari za wazazi wangu sitazieleza. Walifariki wote wawili, na yatosha. Tulibaki watatu, mimi mkubwa, Farid na Zuhura, na Ami Salim, ndugu yake baba, akatuleta kwake Falls Church, karibu na mji wa Washington. Mwaka ninaousema ni katikati ya miaka ya themanini. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, Farid kumi na sita, Zuhura kumi na mmoja. Tulikaa katika apatimenti ya vyumba viwili karibu na Barabara ya Saba. Ami na mkewe, Bi Rehema, walikuwa na chumba kimoja. Chumba cha pili kilikuwa cha makabati, masanduku na kiti cha Ami cha kusomea. Farid alilala kwenye kochi lililovikwa nailoni, akigeuka usiku mzima unaisikia nailoni inalialia kama mfuko wa krispi. Mimi na Zuhura tulilala nyuma ya pazia mahali palipokusudiwa kuwa meza ya kulia. Meza yenyewe ilisukumwa hadi dirishani, na watu wanne tu ndio waliotosha, kwa hiyo mimi nilikula jikoni nimesimama. Sikuona vibaya. Nilikuwa napika, nafua, namsindikiza Zuhura kwenye basi la shule, na mchana nasafisha ofisi ya daktari wa meno barabara ya pili. Ami alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini Washington, akitoka kila asubuhi na suti yake ya kijivu, na kila akitoka alisema, "Mimi ndiye baba yenu sasa." Alilisema hata siku ambazo hakuna aliyeuliza.

Nilikuwa nimekuja na mbuzi yangu ya kukunia nazi, nimeifunga katika kanga chini ya sanduku. Kwenye maduka ya Wavietnam palipatikana nazi kavu, ndogo, zenye harufu ya meli. Jumamosi niliweka gazeti juu ya zulia nikaketi kukuna, na Bi Rehema alikuwa akipita akisema, "Wewe mtoto, maziwa ya nazi yako kwenye mikebe, yanangoja nini?" Naye jioni alikuwa wa kwanza kuchovya mkate katika mchuzi. Sikumchukia Bi Rehema. Alikuwa mwanamke mwoga aliyeolewa na mtu mwenye ndoto kubwa, na ndoto kubwa za mtu mwingine zinachosha.

Ndoto ya Ami ilikuwa Musiu. Kwetu kila mtu alijua kwamba babu yake babu yetu alikuwa Mfaransa, na hakuna aliyelisema kwa sauti, kwa sababu kila mtu alijua pia namna alivyopata kuwa babu yetu. Alikuwa na mke wake Bourbon ambaye hakuja hata siku moja. Akamchukua Bi Mize, aliyekuwa akimpikia, akazaa naye watoto wawili. Wa kiume alitoka mweupe, akapewa jina la Vidali. Wa kike alifanana na mama yake, hakupewa kitu. Baba na Ami ni uzao wa yule wa kiume. Mama yangu hakuwa wa uzao huo kabisa. Yeye alikuwa mtu wa Mtoni, wa wale watu waliokuwapo Musiu alipofika, na ambao mpaka mwaka ninaouandika walikuwa bado wako pale. Ardhi ya Musiu ilikuwa mapande matatu: Mtoni, penye minazi na mkono wa bahari, Mgongoni, alipojaribu miwa kisha katani, na Maweni, alipojenga nyumba. Wenyeji wakapaita pote Kwa Musiu, kama mtu anavyoyaita maradhi kwa jina la aliyeyaleta.

Mwanzo wa mwaka ule Ami alimpata Madamu Odile. Alikuwa kikongwe wa Kifaransa, mjane wa Mmarekani, anakaa upande wa Maryland, naye ni kizazi cha ndugu yake Musiu. Sijui walikutanaje; Ami alisema ni kudura. Alikuwa akiandika kitabu cha maisha ya Musiu, na alikuwa na barua zote ambazo Musiu alimpelekea ndugu yake, pamoja na ramani ya mashamba iliyochorwa kwa wino wa kahawia. Jumapili ya kwanza alipokuja, nilipika pilau na kuku wa kupaka. Yeye alileta jibini lililonuka hata Zuhura akafungua dirisha, na nje ni theluji. Alimwita Ami "kuzeni", yaani binamu, na Ami kila alipoitwa hivyo aliinua kidevu kidogo, kama anapimwa shati. Mimi Madamu hakuniuliza jina. Si kwa kiburi, nadhani. Alinitabasamia kila nilipobadilisha sahani, kama unavyoitabasamia taa ikiwaka.

Barua zenyewe Ami hakuweza kuzisoma, akamwita Papa Ilunga wa ghorofa ya chini. Papa Ilunga alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, dereva wa teksi, mnene, mpole, mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi pembeni. Alikuja Jumamosi baada ya Jumamosi, anaketi mezani na nakala za barua, anasoma Kifaransa kimyakimya kisha anasema kwa Kiswahili chake. Mimi napita na chai. Hivyo ndivyo nilivyopata maisha ya Musiu, kikombe kwa kikombe. Jinsi alivyolipata pande la Mtoni kutoka kwa mkubwa mmoja ambaye halikuwa lake, kwa marobota ya nguo na bunduki mbili. Jinsi miwa ya kwanza ilivyooza. Jinsi alivyokula kila siku peke yake, meza imetandikwa kwa watu wawili, na Bi Mize amesimama nyuma ya kiti. Hapo nilikuwa nimesimama na birika nyuma ya kiti cha Ami. Nilirudi jikoni.

Barua moja siisahau. Papa Ilunga aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. "Eh, baba," akamwambia Ami, "huyu muzungu alikuwa mutu mubaya."

"Soma tu, Papa. Usimhukumu mtu na zama zake."

"Bon. Anaandika hivi: hapa, miti iko mali mbali, na udongo iko mali mbali. Mutu anaweza kuwa na munazi juu ya udongo ya mwenzake, na watoto yake wanarizi ile munazi. Anasema, 'Mimi nilikubali desturi hii, sababu niko na lazima ya mikono yao.' Njo baadaye, mukubwa wao mumoja anakufa. Batu bote banaenda ku kilio, ng'ambo ya maji, siku tatu. Musiu anabakia. Anaita batu ya mbali. Siku tatu anakata minazi ya Mtoni yote. Yote, baba. Anasema, 'Mti ukianguka, ardhi inakuwa safi.'"

Halafu Ami akasema, "Alikuwa anataka kupanda miwa. Mkulima gani hakati miti?" Papa Ilunga akavaa miwani yake. Akanitazama mimi, siyo Ami. "Mama," akaniambia, maana wao humwita mama hata msichana, "chai yako iko na tangawizi muzuri sana." Nikajua kwamba amenionea haya kwa niaba ya mtu mwingine.

Habari hiyo niliijua kabla hajaisoma. Mama alinisimulia. Watu walirudi kutoka matangani, wakakuta magogo. Wakakaa matanga mengine, ya minazi. Kisha wakapanda upya, katikati ya miwa ya Musiu, mche mmoja mmoja, na miwa ilipokufa minazi ikabaki. Hiyo ndiyo minazi niliyoikuta mimi. Kila mmoja una mwenyewe na wengi wana majina, na siku za kuangua nilikuwa nikienda na mama nyuma ya mkwezi, kazi yangu ni kupiga kelele jina la mnazi na jina la mwenyewe ili nazi zisichanganyike. Wazazi walipofariki, minazi ya mama ndiyo iliyotulisha. Mdogo wake mama, mama mdogo Mwanasha, alisimamia kuangua na kutuletea haki yetu, nazi mbovu alibakisha kwake na nzuri alituletea sisi. Huyo ndiye aliyesimama katika kituo cha basi Mombasa siku tunaondoka, akamkabidhi Zuhura chupa ya uji, akaniambia, "Wewe ndiye mama sasa. Usilie mbele yao."

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu hasira yangu ingekuwa nyepesi kama isingekuwa na kosa langu ndani yake. Jumapili moja ya mwezi wa tatu Madamu alikuja na ramani, wakaitandaza mezani. Pande la Mtoni lilikuwa tupu, limeandikwa jina tu. Madamu akamwambia Ami kwamba kitabu kinakosa watu, kinakosa sauti ya shamba. Ami akainua kichwa akaniita. "Hebu njoo. Wewe si ulikua kule? Hebu keti."

Nikaketi. Miaka miwili katika nyumba ile, na hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyoketi kwenye meza ile na wageni. Ami mwenyewe alinivutia kiti. Akasema, "Mwambie Madamu minazi ya Mtoni. Nani ana nini. Tuiandike isipotee." Nami nikaona fahari. Lazima niseme ukweli, niliona fahari. Mtu aliyeacha shule darasa la sita, anayesahihishwa Kiingereza chake na mdogo wake wa miaka kumi na mmoja, leo anaulizwa na kalamu inangoja. Nikaanza penye kivuko. Mnazi Mpindo, wa Mzee Kombo. Mapacha, miwili shina moja, ya Bi Saumu na nduguye. Wa Harusi, uliopandwa siku mama mdogo alipoolewa. Kipofu, usiozaa, wa Hamisi fundi, ambaye alikataa kuukata kwa sababu baba yake alifia chini yake. Nikaenda hivyo hadi mwisho wa mchanga, kisha nikarudi na safu ya ndani. Mchana wote. Ami aliandika karatasi baada ya karatasi, akimtafsiria Madamu. Madamu alikunja mikono kifuani akasema jambo, na Ami akanitafsiria: "Anasema Musiu naye aliipenda sana miti." Sikucheka. Nilikuwa nimelewa sifa. "Mtoto huyu ana kichwa!" Ami alisema, akanipigapiga bega. Usiku ule Farid aliniambia, "Dada, leo umekuwa profesa," tukacheka sote watatu nyuma ya pazia.

Niliwataja watu themanini na mmoja. Kwetu kumtaja mtu na mnazi wake ni kumlinda. Mnazi ukishatajwa mbele ya watu na kusikika, nani ataunyang'anya? Ndivyo tulivyofanya hata kwa kadhi. Kosa hilo angelifanya mtu wa kwetu tu. Mtu wa mahali pengine angeuliza kwanza karatasi inakwenda wapi.

Ilikwenda kwa wakili. Nililijua hilo wiki sita baadaye, Jumamosi asubuhi, nikiwa nakunja nguo kwenye chumba cha makabati. Nyumba zile zina tundu la joto ukutani, lenye wavu, na linapitisha maneno kama linavyopitisha hewa. Ami alikuwa akizungumza na Bi Rehema chumbani kwao.

"Wenye hoteli wanataka Mtoni," alisema Ami. "Ufuo wote ule. Wamekwisha kumwona Madamu. Barua zake zinaonyesha ardhi ilikuwa ya Musiu, mimi na watoto wa marehemu kaka tunaonyesha warithi ni sisi. Limebaki jambo la wale watu."

"Watu gani?" akauliza Bi Rehema.

"Wa minazi. Wakili alikuwa na wasiwasi nao, wasije wakadai ardhi ni yao kwa kuwa wamekaa muda mrefu. Lakini sasa tuna orodha. Kila mtu na mnazi wake. Unaona? Wamekiri wenyewe kwamba chao ni mnazi tu, ardhi hawana. Watapewa pesa kidogo kwa kila mti, wataondoka."

"Na huyu mtoto anajua?"

"Ajue nini? Yeye ndiye aliyeitaja. Atasaini tu."

Bi Rehema akasema kwa sauti ndogo, "Salim, wale ni jamaa za mama yake."

"Na hawa ni damu yangu. Farid ataingia chuo kikuu kwa pesa gani, kwa kusafisha meno ya watu?"

Nilibaki nimeshika shati la Farid la shule. Nilikuwa nadhani hasira ni moto, haikuwa hivyo. Ilikuwa ni baridi. Musiu alihitaji shoka na siku tatu na watu wa mbali. Ami hakuhitaji hata shoka. Alihitaji kunivutia kiti.

Sikusema kitu siku ile wala wiki ile. Watu wamewahi kuniuliza mbona sikupiga kelele pale pale. Ningepiga kelele na nani? Hati zetu za kukaa Amerika zilikuwa kwa jina lake. Paa lilikuwa lake. Nilimwuliza Farid peke yake, tukiwa tunatoa taka nje, kama anajua. Akatazama pipa. Ami alikuwa amemwambia kila kitu, na kumwahidi chuo kikuu. "Dada, kule hakuna mtu anayeishi vizuri," akasema. "Hata wao watapata pesa. Utang'ang'ania minazi?" Nikamwuliza alikula nini mpaka akapata urefu huo.

Tulikwenda kwa wakili siku ya Ijumaa, mwezi wa sita, mimi, Ami na Farid. Ofisi ilikuwa juu ya duka la mazulia, ngazi nyembamba, na mezani bakuli la peremende za mnanaa. Wakili alikuwa mzee mwenye shingo nyembamba, mtu wa utaratibu. Alisema lazima niapishwe, na kwa kuwa Kiingereza changu ni kidogo, lazima kwanza mtu anifasirie, na Farid afanye hivyo sauti ikisikika. Ami akanisogezea peremende.

Farid akashika karatasi. "Inasema wewe ni mtoto mkubwa wa marehemu, umekulia kule, unayajua majina haya."

"Soma yote."

"Ndiyo hiyo, Dada."

"Ukurasa mzima huo umesema maneno hayo tu? Soma, Farid."

Akainamia karatasi. "Inasema watu waliotajwa hapa chini hawana haki ya ardhi. Inasema wao ni..." Akatafuta neno. Najua alikuwa nalo, alikuwa anatafuta jingine. "Wageni."

"Wageni."

"Watu waliokaa bila ruhusa."

Nikaweka kidole juu ya jina nililolitambua mwenyewe. "Namba ishirini na tatu ni nani? Nisomee."

"Dada, tafadhali."

"Nisomee."

"Mwanasha binti Juma," akasema Farid, na sauti yake ilivunjika katikati, kwa maana ilikuwa bado haijakaa sawa ya kiume. "Mnazi mmoja, unaitwa Wa Harusi. Minazi mingine minne."

"Mama mdogo ni mgeni Mtoni?"

Ami akaingilia kati, bado anatabasamu kwa ajili ya wakili. "Mwanangu, ni lugha ya karatasi tu. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mimi ndiye mzaliwa nawe hapa. Weka jina lako twende tukale."

Nikamwambia, "Ami, na aliyenizaa je? Yeye alizaliwa wapi?"

Akaacha kutabasamu. "Nimewalisha. Nimewavika. Nimewaleta nchi ya watu. Leo unanitia aibu mbele ya mzungu kwa sababu ya vifuu vya nazi?"

"Umetulisha, ahsante. Lakini watu hawa nimewataja mimi. Kwa kinywa changu. Sitaweka sahihi dhidi yao."

Nikamgeukia wakili nikamwambia kwa Kiingereza changu cha jikoni kwamba karatasi ile ni ya uongo na siapi. Sikuhitaji maneno mengi. Yeye akafunga kofia ya kalamu yake, taratibu, akaisukuma ile karatasi kwa kidole hadi upande wa Ami, kama sahani iliyoingia nzi.

Tulirudi kwa Beltway, barabara kuu inayozunguka Washington. Farid amekaa mbele, mimi nyuma. Tulipofika, Ami alipanda juu kabla yetu, na tulipoingia alikuwa amesimama mbele ya pazia letu amelivuta pembeni, magodoro yanaonekana. "Umewaua ndugu zako," akasema. "Umewaua kwa mkono wako. Sasa walee." Bi Rehema aliingia jikoni akafungua bomba la maji ili asisikie. Nilifunga vitu vyetu kwenye mifuko ya taka, maana masanduku alisema ni yake. Papa Ilunga ndiye aliyetubeba, akazima taa ya teksi yake, akatupeleka Laurel, upande wa Maryland, kwa mpwa wake aliyekuwa na chumba cha kukodisha. Njia nzima alizungumza juu ya mpira, peke yake, ili pasiwe kimya. Tuliposhuka nikataka kumlipa. Akasema, "Mama, usinitukane."

Laurel tulikaa chumba kimoja, mbele ya reli. Treni ya Baltimore ikipita, vijiko vinalia kwenye droo. Nilipata kazi jikoni kwenye hoteli ya barabarani, nakata vitunguu tangu alfajiri, na jioni nasafisha ofisi. Zuhura aliuliza mara moja tu, kwa Kiingereza, tumefanya kosa gani, nikamwambia hatujafanya. Farid aliacha kuniita Dada. Hakunitukana, hakunigombeza. Aliacha neno hilo tu, kama mtu anavyoacha sukari. Alikuwa akisema "yeye". "Yeye anasema chakula tayari." Nilimpikia, akala, akaosha sahani yake peke yake, yangu akaiacha. Nilikuwa na hasira naye pia, na leo bado ninayo kidogo, ingawa ni mtu mzima mwenye mvi na ananisomea dawa zangu. Kijana wa miaka kumi na sita anajua kusoma, anasoma jina la mama mdogo wake, na anatafuta neno zuri la kulifunikia. Lakini nani alimtia karatasi ile mkononi?

Mwezi wa tisa ikaja kaseti. Siku zile watu wa kwetu hawakuandika. Walizungumza kwenye kanda na kumpa mtu anayesafiri. Mwanafunzi mmoja aliileta kutoka Mombasa, imefungwa kwa uzi mwekundu. Tukakaa watatu mezani, nikaiweka kwenye redio. Kwanza kuku, kisha mtu anakohoa, kisha mama mdogo Mwanasha. Akasalimu kwa majina yetu yote. Akauliza Zuhura amekua kiasi gani. Halafu sauti ikabadilika.

"Mwanangu, hapa kuna jambo. Ami yenu amemletea chifu barua. Chifu ametuita barazani ametusomea. Majina yetu yote yamo, na minazi yetu yote, kwa majina yake. Tumeambiwa tumekiri. Sisi hatujakiri kitu. Hata Kipofu yumo. Sasa watu hapa wananiuliza, Mwanasha, nani huko Amerika anamjua Kipofu? Salim hajui mnazi hata mmoja, hajakanyaga Mtoni tangu utoto. Nimewaambia si mtoto wangu. Nimeapa, mwanangu. Niambie kwamba sikuapa uongo."

Kanda ikaendelea kuzunguka. Treni ikapita. Farid, ambaye hakuwa amenielekea uso tangu Juni, akasema, "Mwambie ni Ami. Ni Ami kweli. Mwambie hukusaini, Dada."

Ndiyo, alisema Dada. Nami sikuweza hata kulifurahia.

Kesho yake nilinunua kanda mpya. Nilimpeleka Zuhura shuleni, nikafunga mlango, nikabonyeza. Nikasema: mama mdogo, ni mimi. Nilitaja mimi. Nilidhani nawalinda. Karatasi ya kuwafukuza nimekataa kuitia sahihi, na Ami ametutoa, lakini majina nilitoa mimi, na hilo halitoki. Nikamwambia wakija wapima ardhi, asiwepo mtu atakayesema mnazi huu ni wangu. Aseme ardhi hii ni yangu, na babu yangu yumo ndani yake, na mnazi umeota tu. Nikamwambia asikubali mtu yeyote kuondoka mahali pake kwa siku tatu, hata kwa mazishi, wapeane zamu. Nilisema mpaka sauti ikakauka, na upande mmoja ukaisha.

Dai la Ami lilikwama. Bila sahihi ya sisi watoto wa marehemu baba, wenye hoteli waliogopa kesi, wakaenda kununua kwingine. Madamu alikufa kabla ya kumaliza kitabu. Hicho kijitabu cha Sterling ni mabaki yake. Miaka iliyofuata mtu mmoja mwenye karatasi kubwa kuliko ya Ami alichukua kipande cha penye kivuko, na Mnazi Mpindo haupo. Kwingine kote watu wapo mpaka leo. Farid alisoma chuo kikuu kwa vitunguu vyangu. Jamaa wanasema nilikuwa mkaidi, kwamba tungekuwa matajiri. Tungekuwa, ndiyo. Na hao wajukuu wangekuwa na kijitabu kinene zaidi.

Mama mdogo Mwanasha aliishi miaka tisa zaidi, pale pale Mtoni, akafa pale. Kanda yangu ilimfikia. Aliyempelekea aliniambia kwamba aliwatoa watoto nje, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akaigeuza, akasikiliza na upande wa pili, ambao haukuwa na kitu, mpaka nao ukaisha. Hakunijibu.